Kupima Kazi ya Waashi

Watu wengi hupita karibu na mahali panapojengwa nyumba, wakasimama kidogo kutazama, kisha wakasema, "Mafundi hawa ni hodari," au, "Mafundi hawa ni wavivu." Wakiulizwa wamejuaje, hawana jibu ila kwamba wameona hivyo kwa macho. Nao huenda wameona vibaya. Mtu atokaye jasho sana pengine afanya kazi ndogo, na mtu aendaye polepole pengine amekwisha kujenga ukuta mkubwa kabla ya adhuhuri.

Neno hili si dogo. Mwenye nyumba ataka kujua kama kuta zake zitakwisha kabla ya mvua za masika. Fundi aliyepatana naye ataka kujua kama ujira aliokubali utamtosha yeye na wasaidizi wake. Wasaidizi nao wataka kazi yao isisahauliwe siku ya malipo. Wote hawa wakikisia tu, mwisho wake ni ugomvi: mwenye nyumba husema ameibiwa, na mafundi husema wamedhulumiwa. Ndiyo sababu wajenzi wenye akili hawakisii, bali huhesabu. Hesabu yenyewe si ngumu; mwanafunzi ajuaye kuzidisha na kugawanya aweza kuifanya. Ugumu wake ni mmoja tu, nao ni kujua ni vitu gani vihesabiwe, na ni vitu gani ambavyo watu husahau kuvihesabu.

Tija ya kazi ni nini?

Kazi ya kila namna ina pande mbili. Upande wa kwanza ni kitu kilichofanywa. Upande wa pili ni muda wa watu uliotumika kukifanya. Cha kwanza kikigawanywa kwa cha pili, hupatikana kipimo kiitwacho tija ya kazi. Mshoni ashonaye kanzu nne kwa siku mbili, tija yake ni kanzu mbili kwa siku. Mkulima apaliliaye matuta thelathini kwa siku tatu, tija yake ni matuta kumi kwa siku.

Katika ujenzi wa ukuta, kitu kilichofanywa hupimwa kwa mita za mraba, yaani urefu wa ukuta huzidishwa kwa kimo chake. Muda uliotumika hupimwa kwa saa za watu. Saa ya mtu ni kazi ya mtu mmoja kwa muda wa saa moja. Watu watatu wakifanya kazi saa tano, wametumia saa za watu 15. Watu watano wakifanya kazi saa tatu, hao nao wametumia saa za watu 15. Kwa kipimo hiki kikosi kikubwa na kikosi kidogo huweza kulinganishwa kwa haki, kwa kuwa kila mtu huhesabiwa na kila saa huhesabiwa.

Kuupima ukuta

Na uchukuliwe mfano wa ukuta mmoja wa darasa. Urefu wake ni mita 10 na kimo chake ni mita 3. Kumi mara tatu ni 30. Basi ukuta wote ni mita za mraba 30. Lakini ukuta huo una mlango mmoja wenye upana wa mita 1 na kimo cha mita 2, na madirisha mawili, kila moja lina upana wa mita 2 na kimo cha mita 1. Mahali pa mlango na madirisha hapana tofali lililowekwa, kwa hiyo haifai kupahesabu. Mlango ni mita za mraba 2, na madirisha yote mawili ni mita za mraba 4. Jumla ya nafasi hizo ni 6. Thelathini kutoa sita ni 24. Kazi iliyojengwa hasa ni mita za mraba 24.

Wengine hupenda kuhesabu matofali badala ya mita. Hilo si kosa, ila matofali hayalingani. Tofali kubwa la saruji lenye urefu wa sentimita 44 na kimo cha sentimita 21 na nusu, likitiwa udongo wa saruji wa sentimita moja kandoni na chini, huchukua nafasi ya sentimita 45 kwa 22 na nusu ukutani. Kwa hiyo mita moja ya mraba huingia matofali kama 10. Lakini tofali dogo la kuchoma, lenye urefu wa sentimita 21 na nusu na kimo cha sentimita 6 na nusu, likijengwa katika ukuta mwembamba wenye unene wa tofali moja lililolazwa kwa urefu wake, mita moja ya mraba huingia matofali kama 60.

Basi mwashi aliyeweka matofali 60 ya kuchoma, na mwashi aliyeweka matofali 10 ya saruji, wote wawili wamejenga mita moja ya mraba. Asiyejua jambo hili aweza kumsifu wa kwanza na kumlaumu wa pili bila haki. Kadhalika ukuta mnene haulingani na ukuta mwembamba, wala ukuta wa mawe yasiyochongwa haulingani na ukuta wa matofali, kwa maana jiwe moja moja hutafutiwa mahali pake. Vitu vilinganishwavyo lazima viwe vya namna moja.

Kuzihesabu saa za watu

Ukuta ule wa darasa ulijengwa kwa matofali ya saruji na watu wanne: waashi wawili na wasaidizi wawili. Waashi walishika mwiko, timazi na uzi. Wasaidizi walichanganya mchanga na saruji, wakateka maji, wakapakia matofali katika toroli na kuyasogeza karibu na waashi.

Siku ya kwanza walianza saa moja asubuhi, wakapumzika kwa chakula tangu saa sita mpaka saa saba, wakaacha kazi saa tisa. Hizo ni saa 7 za kazi. Waliacha mapema si kwa uvivu, bali kwa sababu ukuta ulikuwa umefika kimo cha mita moja na nusu. Kwa desturi njema ya uashi ukuta haupandishwi kupita kiasi hicho kwa siku moja, kwa kuwa udongo wa chini haujashika bado, nao ukibebeshwa mzigo mkubwa huminywa, na ukuta huweza kupinda. Siku ya pili walianza saa moja, wakapumzika vile vile, wakamaliza saa kumi. Hizo ni saa 8. Jumla ni saa 15 kwa kila mtu, na watu ni wanne. Kumi na tano mara nne ni 60. Basi ukuta ulitumia saa za watu 60.

Sasa pande zote mbili zimejulikana. Mita za mraba 24 zikigawanywa kwa saa za watu 60, jibu ni 0.4. Maana yake, kila saa ya mtu mmoja ilizaa sehemu nne katika kumi za mita ya mraba. Kwa kuwa mita moja huingia matofali 10, ni sawa na kusema matofali 4 kwa kila saa ya mtu.

Hesabu hiyo yaweza kugeuzwa. Saa 60 zikigawanywa kwa mita 24, jibu ni 2 na nusu. Yaani mita moja ya mraba ilihitaji saa za watu mbili na nusu. Namna hii ya pili ndiyo imfaayo mtu atakaye kukadiria kazi ya kesho. Kama zimebaki mita za mraba 60 za kuta za namna ile ile, 60 mara mbili na nusu ni 150. Kikosi kile cha watu wanne, kikifanya kazi saa 8 kila siku, hutoa saa za watu 32 kwa siku. Mia moja hamsini kugawanya kwa 32 hukaribia 5. Basi fundi aweza kumwambia mwenye nyumba, "Nipe siku tano," naye hatakuwa amebahatisha.

Msaidizi asisahauliwe

Liko kosa moja lipatikanalo mahali pengi. Watu huhesabu waashi peke yao, kwa kuwa ndio waonekanao wakiweka matofali, na wasaidizi huachwa nje ya hesabu. Kosa hili huonekana wazi vikosi viwili vinapolinganishwa.

Kikosi cha kwanza ni kile kilichokwisha kutajwa: waashi wawili na wasaidizi wawili, matofali 240, saa 15. Waashi wake wakihesabiwa peke yao, wametumia saa 30, na kila mwashi ameweka matofali 8 kwa saa. Kikosi cha pili kina waashi wawili na wasaidizi wanne. Kilijenga ukuta uliofanana na ule kwa saa 10 tu, yaani saa tano kila siku kwa siku mbili. Waashi wake wametumia saa 20, na kila mwashi ameweka matofali 12 kwa saa. Mwenye kutazama waashi tu atasema, "Kikosi cha pili kimekishinda cha kwanza mara moja na nusu."

Lakini watu wote wahesabiwe. Kikosi cha pili kina watu sita, nao walifanya kazi saa 10. Sita mara kumi ni 60. Kumbe hicho nacho kimetumia saa za watu 60, sawasawa na kile cha kwanza! Tija ya vikosi vyote viwili ni matofali 4 kwa saa ya mtu. Kilichoongeza mwendo wa waashi wa kikosi cha pili ni mikono ya wale wasaidizi wawili waliozidi, ambao hawakuwaacha waashi wangoje udongo wala tofali. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwenye haraka atapenda kikosi cha pili, kwa sababu ukuta hukwisha mapema. Hiyo ni sababu ya haki. Lakini hana ruhusa ya kusema kwamba waashi wa kwanza ni wavivu, wala ya kuwapa waashi wa pili sifa yote na malipo yote, akawasahau waliobeba matofali.

Saa za kungoja, na ukuta uliopinda

Mwenye kuandika saa hana budi kuandika pia saa zilizopotea. Kama siku moja maji yalichelewa, na watu wanne wakakaa bure kwa saa moja na nusu, hizo ni saa za watu 6. Zimo katika zile 60, kwa kuwa watu walikuwako na muda ulipita. Lakini ziandikwe peke yake. Sitini kutoa sita ni 54. Na mita 24 zikigawanywa kwa 54, tija hupanda kidogo kupita 0.44. Tarakimu ya kwanza huonyesha kazi yote ilivyokwenda. Tarakimu ya pili huonyesha watu walivyofanya walipokuwa na vifaa. Tofauti ya tarakimu hizo si kosa la mwashi, bali ni la yule aliyepaswa kuleta maji. Mali bila daftari hupotea bila habari, na saa nazo ni mali.

Jambo jingine ni ubora wa ukuta. Na ichukuliwe kwamba kikosi cha tatu kilijenga mita za mraba 24 kwa saa za watu 48 tu. Tija yake ilikuwa 0.5, nacho kikajisifu kuvipita vile viwili. Asubuhi yake msimamizi alitundika timazi, akaona kwamba mita 6 za ukuta zimeegemea nje. Ikalazimu kuzibomoa, kuyasafisha matofali na kuzijenga upya, na kazi hiyo ikala saa za watu 32 nyingine. Arobaini na nane na thelathini na mbili ni 80. Ukuta haukuongezeka, ni mita zile zile 24. Ishirini na nne kugawanya kwa 80 ni 0.3. Kikosi kilichodhaniwa kuwa cha kwanza kimekuwa cha mwisho. Haraka haraka haina baraka.

Kwa hiyo ni kanuni: mita ihesabiwayo ni ile iliyosimama wima, yenye mistari iliyonyoka na udongo uliojaa vizuri. Ukuta mbovu haumo katika hesabu ya kazi iliyofanywa, lakini saa zake zimo katika hesabu ya saa zilizotumika.

Fundi aliyehesabu miendo ya mikono

Hesabu ya tija huonyesha kiasi cha kazi, lakini haielezi kwa nini kiasi hicho ni kikubwa au kidogo. Mtu mmoja aliyetafuta sababu yake kwa bidii alikuwa Frank Gilbreth wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1868 katika jimbo la Maine. Mwaka 1885, akiwa kijana wa miaka 17, aliacha njia ya chuo kikuu akaenda kujifunza uashi. Huko aliona jambo la ajabu. Kila mwashi alikuwa na namna yake ya kuweka tofali. Tena mwashi yule yule alikuwa na namna moja alipofanya kazi polepole, na namna nyingine alipofanya haraka, na namna ya tatu alipomfundisha mwanafunzi.

Kijana huyo akajiuliza, "Katika namna zote hizi, iliyo njema ni ipi?" Akaanza kuhesabu miendo ya mikono na ya mwili katika kuweka tofali moja. Baadaye akawa mwenye kampuni ya ujenzi katika mji wa Boston, na mwaka 1909 akatoa kitabu juu ya kazi ya matofali. Habari zake ziliandikwa tena na mhandisi Frederick Taylor katika kitabu cha mwaka 1911.

Siku zile matofali yalimwagwa juu ya jukwaa, miguuni pa mwashi. Kila alipotaka tofali aliinama, akaliokota, akaligeuzageuza atafute uso wake mzuri, akauchota udongo, akaweka tofali, akaligonga kwa mwiko mara kadha wa kadha mpaka likae. Gilbreth alihesabu miendo 18 kwa tofali moja. Mwashi alikuwa na uzito wa kilo kama 68, na tofali lilikuwa na uzito wa kilo 2 na zaidi kidogo. Naye aliinama namna hiyo kama mara elfu moja kwa siku. Hata ikihesabiwa kwamba ni nusu tu ya mwili iliyoinama, yaani kilo 34, elfu moja mara 34 ni kilo 34,000. Matofali yenyewe hayakuzidi sana kilo 2,000. Mwashi alishinda akiubeba mwili wake mwenyewe, na jioni alichoka kwa kazi ambayo haikuongeza kitu ukutani.

Gilbreth hakuwaambia waashi wafanye kazi kwa nguvu zaidi. Alitengeneza jukwaa liwezalo kupandishwa kadiri ukuta unavyopanda, na juu yake meza ya kuweka matofali na udongo, ili vyote viwe karibu na kiuno cha mwashi. Msaidizi aliyachagua matofali mapema na kuyapanga katika ubao, uso mzuri ukiwa upande wake, ili mwashi asiyageuze. Udongo ulichanganywa kwa kiasi kilichofaa, hata tofali likakaa kwa kusukumwa na mkono, bila kugongwa. Mwashi alifundishwa kutwaa tofali kwa mkono wa kushoto wakati ule ule achotapo udongo kwa mkono wa kulia. Miendo 18 ikawa 5.

Taylor aliandika kwamba katika ukuta wa unene wa inchi 12, waashi waliochaguliwa na kuzoezwa namna hii mpya waliweka matofali 350 kwa saa, kila mtu, na kwa namna ya zamani kadiri ya kazi ilikuwa matofali 120 kwa saa. Saa moja ina sekunde 3,600. Zikigawanywa kwa 120, tofali moja lilichukua sekunde 30. Zikigawanywa kwa 350, lilichukua sekunde 10 na kidogo.

Mwanafunzi aliyeelewa habari ya vikosi viwili atauliza mara moja, "Na wasaidizi je?" Swali hilo ni la haki. Aliyeyachagua na kuyapanga matofali, na aliyelipandisha jukwaa, wote walitumia saa. Mathalan, kama kwa namna ya zamani kila mwashi alikuwa na nusu ya msaidizi, yaani msaidizi mmoja kwa waashi wawili, matofali 120 yagawanywe kwa watu mmoja na nusu: jibu ni 80. Na kama kwa namna mpya kila mwashi alihitaji msaidizi mmoja na nusu, matofali 350 yagawanywe kwa watu wawili na nusu: jibu ni 140. Kwa mfano huu faida si mara tatu, bali ni chini ya mara mbili. Hata hivyo ni faida kubwa mno, nayo imepatikana kwa kupunguza kuinama.

Kipimo na mtu apimwaye

Kipimo chema huweza kutumiwa vibaya. Katika miaka ile ile ya Taylor na Gilbreth, wafanyakazi wengi wa Marekani walianza kukiogopa kile chombo cha kuhesabu sekunde. Waliona kwamba msimamizi angeweza kumpima mtu mmoja aliye hodari kupita wote, kisha akawalazimisha wengine wamfikie, bila kuwaongezea ujira. Mwezi wa Agosti mwaka 1911, katika kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown, wafanyakazi waliosubu chuma waliacha kazi kwa sababu ya kupimwa hivyo.

Gilbreth na mkewe Lillian, aliyekuwa na elimu ya nafsi ya mwanadamu, walilifikiri jambo la uchovu. Mwaka 1916 walitoa kitabu juu yake, wakionyesha kwamba mapumziko, viti vya kufaa na meza za kimo kizuri ni sehemu ya kazi njema. Frank alifariki mwaka 1924, na Lillian akaendelea na kazi hiyo miaka mingi. Alifariki mwaka 1972.

Basi tarakimu ya tija yapasa kusomwa kwa uangalifu. Ikiwa ni ndogo, msimamizi mwenye hekima hamkaripii mwashi kwanza. Hutazama kama maji na saruji vilifika kwa wakati, kama matofali yako karibu, kama jukwaa liko kwa kimo kifaacho, kama wasaidizi wanatosha, na kama jua kali liliwachosha watu. Aghalabu hitilafu iko hapo. Akiyatengeneza hayo, na tija ikiongezeka, ni haki walioifanya kazi wapate sehemu ya faida, waashi na wasaidizi pia. Tena hawezi kutumia tarakimu ya kikosi kilichojenga ukuta mrefu usio na pembe kuwadai wale waliojenga ukuta wenye madirisha mengi.

Daftari la kazi halihitaji kuwa kubwa. Kila jioni huandikwa mambo matano: mita za mraba zilizojengwa na kukubaliwa kwa timazi, waashi wangapi, wasaidizi wangapi, saa walizofanya kazi, na saa za kungoja pamoja na sababu yake. Daftari hilo lisomwe mbele ya wote, ili aliyekosewa aseme siku ile ile, kabla jambo halijasahauliwa. Mwisho wa juma mwenye nyumba, fundi na wasaidizi wote hutazama ukurasa mmoja. Hapo maneno ya "hodari" na "mvivu" hupungua, na kila mtu hujua kazi yake ilikuwa kiasi gani, na ni kitu gani kilichomzuia kufanya zaidi.

Maswali

1. Ukuta una urefu wa mita 8 na kimo cha mita 2 na nusu. Una dirisha moja lenye upana wa mita 2 na kimo cha mita 1. Kazi iliyojengwa ni mita za mraba ngapi? Yatahitajiwa matofali mangapi makubwa ya saruji?

2. Waashi wawili na msaidizi mmoja waliujenga ukuta huo kwa saa 12. Walitumia saa za watu ngapi? Tija yao ni mita ngapi za mraba kwa saa ya mtu?

3. Kikosi hicho kimepewa ukuta mwingine wa namna hiyo, wenye mita za mraba 36. Kikifanya kazi saa 8 kila siku, kitamaliza kwa siku ngapi?

4. Mtu mmoja alisema, "Katika ukuta ule wa kwanza kila mwashi aliweka matofali 7 na nusu kwa saa." Hesabu yake ni sahihi? Ni nani aliyesahauliwa?

5. Waashi wa Gilbreth waliongeza kazi yao bila kuongeza nguvu. Eleza mambo mawili yaliyofanya hivyo.